Turubai Letu pa Mlima Hoyo

Sisi tuliokuwa watoto wa Bunia wakati bunduki ziliponyamaza kidogo, tulitoka nyumbani kama ndama waliofunguliwa zizi. Likizo kubwa ilipofika, Yaya Dieudonné, kaka yetu mkubwa na kiongozi wa vijana wa parokia, alitangaza kwamba tutapiga kambi siku nne pa Mlima Hoyo, tuone mapango na maporomoko ya maji.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili na kiburi cha mtu wa arobaini. Mama aliniambia nibebe blanketi na sahani. Mimi nikabeba valizi iliyojaa: mto, shuka zilizopigwa pasi, kioo, pudra ya uso, na kaye, daftari ambamo nilinakili, kwa Kifaransa, namna ya kupiga kambi. Blanketi nililiacha, lilikuwa la kizee. Kwa sababu ya kaye ile nikachaguliwa kuwa chefu, kiongozi wa wasichana sita.

Mmoja wao alikuwa Neema. Familia yake ilikimbia kutoka upande wa Fataki, na vita vilikuwa vimetia damu kati ya watu wao na watu wetu.

"Umusalimie, ni mutoto wa Mungu," Mama alinionya. "Lakini kulala, ulale mbali naye."

Fuso ilitupitisha Irumu tukiimba. Kwenye vizuizi vya askari tulinyamaza bila kuambiwa, halafu tukaimba tena. Tulipofika, Fuso ikageuza, nami nikafungua kaye nikaanza kuamuru turubai lisimamishwe: weye shika pale, weye piga kigingi hapa.

Neema alitazama kwanza. "Chefu, hapa maji itapita. Na kamba iko inalegea."

"Kaye haisemi vile," nikamjibu.

Saa kumi mvua ikanyesha. Maji yalipita palepale alipoonyesha. Turubai likajaa kama tumbo la ng'ombe, likaniangukia mimi, kaye na pudra, nikatoka chini yake mweupe kama andazi lililoviringishwa kwenye unga. Nililia kwa sauti nikidai Fuso irudi inipeleke kwa Mama. Hapo Kifaransa chote kilikuwa kimeniishia.

Neema hakucheka. Alivua viatu, akachukua jembe, akachimba mfereji kuzunguka mahali pa juu kidogo, akakaza kamba, akakandamiza pembe kwa mawe. Haikupita nusu saa tukawa na nyumba.

"Weye ulijifunzia wapi?" nikamuuliza, kiburi bado kimebaki kidogo.

"Siye tunaishi chini ya bashi, turubai kama hii, mu kambi ya wakimbizi," alisema, mikono ikiwa bado kwenye kamba. "Ni mwaka ya pili. Mvua ikikuja, Baba anashika muti ya katikati, miye nachimba."

Nilikuwa nimekuja kucheza maisha ambayo mwenzangu aliyaacha kwa siku nne ili apumzike. Nikampa uchefu. Wenzangu walikubali haraka mno, na hilo liliniuma kuliko mvua.

Shuka zangu zililowa zote. Neema alikuwa na blanketi kavu, tukajifunika pamoja.

Niliporudi nilimwambia Mama ukweli wote. Alimaliza kwanza kuchambua maharagi.

"Jumapili umwite akuje kula," akasema mwishowe.

Neema alikuja, na akaendelea kuja mpaka familia yake iliporudi Fataki. Miaka ikapita, akaolewa, vita vikawafukuza tena. Sasa yeye na watoto wake wanaishi uani kwangu, na ndiye anayeamuru nyumba nzima.

Binti yangu, ambaye simu ikiisha moto wa betri analia kama amefiwa, alitusikia juzi tukikumbushana Hoyo: fufu iliyoungua, popo wa mapangoni, maji ya baridi yaliyotupiga mgongoni. Nikangoja anicheke. Akaweka simu chini.

"Mulienda kule kwa kujifurahisha tu?" akauliza. "Na wazazi wakakubali?"

"Walikubali," nikamwambia. "Siku zile njia ilikuwa wazi, haikufungwa na vita kama sasa."

Akamgeukia Neema, amuulize kama mimi mama yake nasema kweli.