Mafiga ya Mpishi

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Kebirigo, na pia karani wa kamati ya kanisa la Wasabato. Kazi ya karani ilikuwa kuandika maneno ya wazee mpaka yaonekane ya busara. Kufundisha kulikuwa rahisi zaidi.

Mwaka huo kamati iliamua kumjengea nyumba mwanamume mmoja aliyekuwa akilala kwenye vibanda vya soko. Alikuwa amewapikia Wazungu wa mashamba ya chai kule Kericho kwa miaka mingi. Aliporudi alikuta ndugu zake wawili wameshagawana shamba la baba yao, wamesahau kwamba waliozaliwa ni watatu.

Mzee wa kanisa alikata miti yake mwenyewe na kuipigilia kwa mikono yake. Baada ya Jumapili nne nyumba ilisimama nyuma ya kanisa: chumba kimoja cha udongo, paa la nyasi, mlango wenye kufuli. Tuliweka kitanda, blanketi mbili, Biblia na kalenda. Kisha mzee akatoa sharti, nami nikaliandika kwa mwandiko mzuri: mkaaji asiwashe moto ndani, akina mama watampelekea chakula kwa zamu. Aliogopa paa likishika moto, kanisa nalo litateketea. Wajumbe wote waliunga mkono, na wote asubuhi hiyo walikuwa wamekunywa uji uliopikwa chini ya paa la nyasi.

Tukawa tunakwenda kumtazama. Kwa kuwa nyumba tuliijenga sisi, hakuna aliyepiga hodi. Mama wa zamu aliingia na bakuli, mzee aliingia kukagua kuta, mimi niliingia na daftari. Siku moja tulimkuta anavaa suruali. Mzee aliendelea kukagua ukuta.

Wiki ya tatu tulikuta kitanda kimetandikwa vizuri na mtu hayupo. Alikuwa amerudi sokoni.

Kamati ikaketi Jumapili asubuhi. "Amezoea nje," mzee akasema kwa huzuni ya kweli, nami nikaandika: amezoea nje. Ikaamuliwa kwamba asiporudi kufikia Sabato inayofuata, nyumba itakuwa stoo ya mabenchi. Nilitumwa nikamwambie, na akikataa, nirudi na ufunguo.

Nilimkuta nyuma ya kibanda cha muuza ndizi, amechutama mbele ya mawe matatu, sufuria inachemka. Vikombe viwili vya bati vilikuwa vimeoshwa na kufudikizwa juu ya gunia safi.

"Kaa, Mwalimu," akasema. Alipenda kuzungumza Kiswahili. Ekegusii chake, alisema, kilibaki kwa ndugu zake pamoja na shamba.

Nilikaa juu ya sanduku la mbao, akanimiminia chai. Ilikuwa chai nzuri kuliko yangu.

"Wamekutuma ufunguo?"

"Wanataka urudi."

"Mimi ni mpishi, Mwalimu. Kule kwenu naletewa bakuli kama mgonjwa. Wewe ukija kwangu nikupe nini? Nikupe Biblia? Si unayo."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka, kwa sababu ya yale maneno niliyoyaandika asubuhi kwa mwandiko wangu mzuri. Nilimaliza chai, nikamwambia azime moto.

Tulisubiri mawe yapoe. Yeye alibeba mawili na sufuria, mimi nikabeba la tatu, nimevaa viatu vyangu vya kikao. Njiani tulikutana na wajumbe wawili. Waliniamkia, wakalitazama lile jiwe, na kwa adabu hawakuuliza. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kufanya jambo la kanisa bila azimio la kamati.

Alasiri moshi ukaanza kupenya kwenye nyasi. Mzee aliuona kutoka shambani kwake, akaja mbio na ndoo ya maji, nusu yake imemwagikia suruali. Alifika anahema. Kupitia mlango aliuona moto umetulia kati ya mafiga, sufuria juu yake. Kisha akaniona mimi nimeketi ndani, daftari limefungwa.

Mpishi akainuka, akaenda kusimama mlangoni. Hakumzuia mtu. Alisimama tu pale anaposimama mwenye nyumba.

Nilijua mzee amekasirika, na nilimwogopa. Kila mti wa nyumba ile ulitoka kwake. Angeweza kuingia tu kama alivyoingia siku zote, na mpishi angerudi sokoni kabla ya jua kuzama, safari hii bila kurudi tena. Mzee aliitazama ile sufuria kwa muda. Akaweka ndoo chini, akavua kofia.

"Hodi," akasema.

"Karibu, Mzee. Chai iko tayari."

Maji ya ile ndoo tuliyatumia kuoshea vikombe.