Mikono Iliyopauka Juu ya Soni

Niliondoka Dar kwa sababu ya mashine ya kuazima. Ni kidude cha ukubwa wa tochi. Unakiweka juu ya ngozi, kinapiga mwanga, kisha kinausoma mwanga unaorudi. Hakuna sindano, hakuna kukwangua. Kinakuambia ngozi ya juu, ule ukuta wa mwili, ina maji na mafuta kiasi gani. Nilihitaji mikono ya wakulima ishirini wa milimani, wanaolima mboga kwenye baridi. Mashine ilitakiwa kurudi Jumatatu, na bila vipimo hivyo miaka yangu miwili ya masomo ingekwenda bure. Stendi hakuna aliyenisindikiza. Tangu mama afariki, hakuna anayeuliza kama nimefika.

Alhamisi mchana, Mombo, nilishuka kwenye basi nikapanda gari dogo la mlimani. Abiria walizungumza Kishambaa wakacheka, nami nikacheka kidogo nisionekane mjinga. Nilipofika Soni nilipokelewa na Mama Hiza, mjane anayeongoza kikundi cha akina mama wanaolima karoti na kabichi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona peke yako?"

Nikasema kazi yangu ndivyo ilivyo. Uongo mtupu.

Ijumaa asubuhi, kwenye ukumbi wa kanisa kijijini kwake, walikuja wote ishirini. Lahaula! Walikuwa wameoga, wanang'aa, wamejipaka mafuta ya mgando mpaka kwenye viwiko. Mashine ikawa inasoma mafuta ya dukani, mtu baada ya mtu. Mimi nikichoka nina mdomo. Nikawaambia kwa ukali waje kesho bila kujipaka chochote. Wakatazamana, wakaondoka kimya.

Jumamosi hakuja mtu. Tangu saa mbili nilikaa kwenye benchi, mashine mapajani, ukungu ukiingia mlangoni. Kesho yake ilikuwa siku ya ibada na ya kuondoka kwangu. Saa nne nikalia, sifichi. Mama Hiza akanikuta hivyo.

"Wamenikataa, mama."

"Nani kakukataa? Hawajajipaka, kama ulivyotaka. Wamepita vichochoroni alfajiri, wako shambani wamejificha. Huku mtu aliyepauka ni mtu asiye na wa kumwangalia. Utapitaje njiani hivyo, watu wawaseme wanao kwamba wamekutupa?" Akanishika kiganja. "Na wewe uliyewaamrisha, unang'aa!"

Aibu ilinishika. Tukateremka mpaka bondeni. Wanawake walikuwa kwenye matuta ya karoti, mikono wameificha ndani ya kanga. Niliwaomba radhi. Nikaomba sabuni, nikanawa mfereji ulipo, nikakaa kwenye upepo wa Julai mpaka mikono yangu ikawa myeupe kama niliyechezea unga.

"Weee! Mgeni kapauka kutushinda!" akasema mmoja, na bonde zima likacheka. Safari hii nilicheka kwa haki. Nikajipima wa kwanza mbele yao, kisha wakatoa mikono, mmoja mmoja. Ilikuwa imechanika kwenye viungo vya vidole, na mashine ikaonyesha wazi jinsi ilivyokauka. Saa tisa nilikuwa na watu wangu ishirini.

Kila aliyemaliza alikuwa anapakwa mafuta palepale na jirani yake, ili arudi nyumbani akiwa mtu. Dada kwa dada, mke kwa wifi. Mimi nilijishughulisha kufunga begi, maana sikuwa na jirani.

"Lete mikono," Mama Hiza akasema.

Alinipaka taratibu, kidole kwa kidole, kama mama alivyokuwa akinipaka kabla ya shule. Alipomaliza akasema, "Haya, pima sasa tuone." Kipimo hicho hakikuwa na maana yoyote kitaalamu. Nilipima, nikakihifadhi.

Jumapili, baada ya ibada, walinisindikiza mpaka barabarani, wote wanang'aa.

Jumatatu nilirudisha mashine. Mwalimu wangu alipitia vipimo akafurahi, mpaka alipofika mstari wa mwisho. "Huyu amepakwa mafuta. Hafai, mfute."

Kuhusu ngozi alisema kweli, nikamfuta kwenye kazi. Lakini kwanza niliunakili mstari ule kwenye daftari langu.

"Unamjua?" akaniuliza.

"Ndiyo," nikasema. "Ana mtu wa kumwangalia."

Jioni ile simu iliita. Alikuwa Mama Hiza, akiuliza kama nimefika.