Oili Haingoji Ziwa Lifungwe

Ningali ninaiona ile asubuhi, mwanangu. Mamamukwe wangu ameinama juu ya injini ya motokari, kitenge amekikaza kiunoni, anachomoa kijiti cha kupimia oili. Alikipangusa kwa vidole, akavisugua, akanusa. Kisha akanipaka ile oili kwenye mukono, nione mwenyewe. Nyeusi kama masizi ya chungu, na ndani yake chengachenga kama muchanga.

Nakuandikia kwa sababu umenunua motokari, na nilipokuuliza utafanya vidanje lini, ulicheka. Nimechoka na kicheko hicho. Nilikisikia zamani. Vidanje ni kumwaga oili yote ya zamani ya injini na kutia mupya. Si kuongeza. Kumwaga.

Miaka ile ya mwisho wa tisini, bwana yangu Mwape alikuwa anabeba samaki na pikapu ya zamani, nyuma masanduku ya barafu. Alipakia Chienge kwenye vumbi, akapita kwetu Nchelenge, akateremka mpaka Mansa. Miye nilikuwa kijana, nimetoka Pweto kuja kuolewa, sikujua kitu juu ya injini. Mama yake alijua. Marehemu bwana yake alimuachia chigayo, ile mashine ya kusaga mahindi, na injini yake aliitunza yeye mwenyewe.

Hapa kwetu wabeba samaki walikuwa na desturi yao. Miezi ya mvua serikali inafunga ziwa ili samaki wazae, basi nyavu zinaanikwa, motokari zinalala. Ndipo kila mutu alifanya vidanje. Ziwa likifunguliwa, ni kuongeza chupa tu, mpaka lifungwe tena. Walihesabu oili kwa samaki. Injini haijui samaki, inajua njia.

Mama akamuita mwanaye.

"We Mwape! Hii oili ni ya lini?"

"Ya ziwa lilipofungwa, mama. Kama watu wote."

"Watu wote ndio watakununulia injini ingine?"

"Aa, mama, hii si chigayo. Hii ni ya Japani, haifi."

"Chigayo yangu inakaa pahali pamoja, chini ya bati, na bado naibadilishia oili. Weye yako unaikimbiza ndani ya vumbi. Bon, haya. Mama Chanda, usinawe huo mukono. Bwana yako auone wakati wa kula."

Mwape alicheka mpaka akashika mulango wa motokari. Akasema vidanje ni kupoteza siku, na galoni moja ya oili ni bei ya beseni mbili za chisense, hao samaki wetu wadogo wa kukausha. "Nauza chisense ninywe oili?" Akatia chupa moja juu ya ile nyeusi, akawasha. Nami nikapanda, maana nusu ya muzigo ulikuwa wa wanawake wa kisiwa cha Kilwa, hiki cha humu ziwani kwetu, wameniamini miye niwauzie.

Hatukufika Mansa. Tulipopita Mwansabombwe, injini ikaanza kugonga ndani kama mutu anatwanga. Mwape akaongeza sauti ya redio. Unasikia? Redio! Kisha moshi, kisha kimya. Fundi tuliyemuita alipofungua chini, oili ilishuka polepole kama uji wa jana. Akatikisa kichwa: injini imeshikana, imekufa.

Barafu ikayeyuka. Kesho yake mchana tulikuwa tunafukia samaki kando ya njia, samaki wa wanawake wenzangu, inzi wametufunika.

Tukarudi na minibasi. Mama alitazama mikono yetu yenye udongo, akaleta beseni la maji.

"Sasa naweni," akasema.

Tuliuza mutumbwi wetu na nyavu zetu. Tukawarudishia kwanza wanawake wa Kilwa haki yao, na kilichobaki hakikufika hata nusu ya bei ya injini. Mwape akaenda hukohuko Kilwa kuvuta nyavu za watu, na kule hakuna njia ila mashua. Toka hapo, yeye ndiye akawa anarudi nyumbani ziwa likifungwa tu. Mutoto wetu Chanda alijifunza kutembea baba yake hayupo. Alijifunza kusema, hayupo. Ile pikapu iko nyuma ya nyumba mpaka leo, kuku wanataga ndani.

Basi, sikia, sitarudia. Hesabu njia. Motokari ya zamani kama yako, safari kumi za Mansa, kwenda na kurudi, mwaga oili. Ni kama kilomita elfu tano. Ukipita vumbi la Chienge, usingoje kumi. Na hata ikikaa sana, miezi sita isipite. Filtre, lile chujio la oili, badilisha pamoja, usitie oili safi ipite kwenye uchafu wa zamani. Kijiti chomoa kila asubuhi kabla ya kuwasha. Bei uliza dukani mapema, kwa sababu inapanda, na uiweke pembeni kila safari kidogokidogo, kama unavyotoa ya petroli. Ya petroli sijaona mutu anailalamikia mpaka akaacha kutia.

Na ukisikia kugonga, zima redio.

Mungu atembee mbele ya magurudumu yako, mwanangu. Akupe mizigo isiyooza, na watoto wako wasikie injini yako ikirudi jioni ileile uliyowaahidi.