Chozi la Kasaine

"Babu, ukiumwa hivyo mbona hulii?"

Nasinkoi aliuliza hivyo akiwa darasa la pili. Babu yake, Kasaine, alikuwa amekaa nje ya boma lao huko Handeni, mkono wa kushoto kauweka mbali na mwili kama aliyeshika kaa la moto. Alimwambia akafunge ndama. Kwa Wamasai, aliyetahiriwa bila kupepesa jicho halii tena mbele za watu.

Mkono ule uliletewa balaa na Semboja, mkulima jirani. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu anauza mahindi anakotaka, na Semboja akalima mpaka kwenye njia ya ng'ombe. Ng'ombe wakapita, panga likamshukia Kasaine mkononi. Kidonda kilipofunga, Semboja akatamba mnadani: "Mzee anajifanya tu. Kovu nalo linauma?" Watu wakacheka. Kasaine akaapa: ataombwa radhi mbele ya macho yale yale.

Ndiyo maana daktari wa utafiti alipopita Korogwe akitafuta watu waliokatika mishipa ya fahamu, Kasaine alikubali kupelekwa Nairobi, apate ushahidi. Akaingizwa kwenye mashine kama mtungi uliolazwa, inagonga kama mafundi bati. Wakampitishia pamba mkononi, mguso mwepesi uliomchoma kama moto, huku wakipiga picha za ubongo. Uso ulitulia tuli. Pichani ubongo ukawaka.

"Mzee, kidonda kimepona," daktari akamwambia, "ila ubongo bado unakatwa panga."

Picha akaipeleka barazani kijijini, walikokaa wale wale waliocheka mnadani. Mwenyekiti Mhina akaigeuzageuza.

"Semboja alikukata wapi?"

"Mkononi."

"Na hapa panapowaka?"

"Kichwani."

"Basi mzee wangu, katafute aliyekupiga kichwani!"

Baraza likaangua kicheko. Semboja akashika mbavu.

Kasaine akawaacha wachoke. Kisha akatoa kipande cha pamba kwenye lubega, akampa Semboja. "Nipitishie, bwana. Polepole, kama unamfuta mtoto."

Semboja akapitisha, bado anacheka. Kasaine akapiga magoti, akalia kwa sauti, kamasi na machozi. Pamba ikamdondoka Semboja.

"Nisamehe, mzee," akanong'ona.

"Sema wasikie."

Akasema, mara mbili. Kondoo wa radhi alipoletwa na Semboja, Kasaine alimswaga kwa fimbo arudi alikotoka.

Nasinkoi alikuwa kidato cha tatu alipojibiwa, wakikamua ng'ombe.

"Uliniuliza mbona silii. Chozi nilikuwa nalo, mjukuu wangu. Nilikuwa namtunzia mwenye panga."