Gari Ndogo Zinarudi Marekani

Mtu asiniambie kuwa Maskati ya zamani ilikuwa nzuri. Miye niliishi humo. Tulifika kutoka Unguja baada ya mapinduzi, jamaa mmoja akatusetiri kwenye chumba cha nyuma ya nyumba yake, Matrah, penye bandari ya Maskati, na baba yangu, aliyekuwa na gereji yake mwenyewe mtaa wa Ng'ambo, Unguja, akaenda kubeba magunia ya tende forodhani. Gari mjini zilikuwa za kutafuta, na hata hizo mpaka Sultani atoe ruhusa. Fundi wa gari atafanya nini pahala hapana gari? Alikuwa akirudi jioni anakaa kitako, mgongo ukutani, mikono magotini. Mama akimtilia chai, chai inapoa hapo hapo.

Mwaka wa sitini na saba akatokea Mmarekani mmoja, mhandisi wa visima. Alikuwa na kigari cha Ulaya, kidogo, mlango wake wa nyuma unafunguka kwenda juu kama kifuniko cha sanduku. Kikamfia njiani, Ruwi. Msiione Ruwi ya leo na mabenki yake. Siku hizo lilikuwa bonde la mawe na kiwanja kidogo cha ndege. Mtu wa forodhani akamwambia kuwa yupo mpagazi mmoja, katoka Zinjibar, anajua gari. Baba alichukuliwa kazini vile vile na vumbi lake la tende. Gari za namna ile alikuwa akizifungua na kuzifunga Unguja miaka nenda miaka rudi. Akasafisha kabureta, gari ikawaka.

Tangu hapo Mmarekani akawa anakuja kwetu kila Ijumaa baada ya sala, anakunywa kahawa na kuzungumza na baba kwa Kiarabu chake cha kuvunjika. Siku moja, baada ya mgeni kuondoka, baba aliingia ndani anacheka. Tulikuwa hatujamsikia akicheka tangu tutoke kwetu.

"Gari ndogo zinarudi Marekani," alimwambia mama.

Akatueleza. Kiwanda cha gari zile kiliwahi kuziuza huko zamani. Watu wakazicheka kwa udogo, baridi ikazitia kutu, wenyewe wakaziondoa. Sasa zinarudi, na kaka yake Mmarekani anafungua duka la kuziuza, lakini mafundi wa kwao wamezoea migari mikubwa. Hana anayezijua hizi.

Basi, nyumba ikageuka. Baba akaanza kusugua kucha zake kwa ndimu na kujisemea Kiingereza peke yake. Mama, aliyekuwa hata kusuka ukili wa mikeka ameacha, akauliza huko kwenye theluji watoto watavaa nini. Hakuna aliyetuahidi kitu, lakini roho zetu zilikuwa juu juu.

Ijumaa moja Mmarekani akaja na neno lenyewe. Mama na mimi tulikuwa nyuma ya pazia, na tulisikia.

"Kaka yangu anataka fundi. Nitakusimamia wewe na watu wako wote mpaka mfike. Unataka kwenda?"

Kwetu mtu hapokei jambo kubwa kwa mara moja. Hata ukikaribishwa wali na njaa inakukata, unasema umeshakula. Mwenyeji anakushika mkono, anakuapia, ndipo unasogea. Anayeitikia papo kwa papo ni mroho, hana malezi. Baba alikuwa na malezi.

"Nnakushukuru sana, ndugu yangu," alisema. "Usijitaabishe kwa ajili yetu. Siye hapa tumeshatulia, Alhamdulillah."

Akainamisha kichwa, akangoja. Mama nilimuona anatikisa kichwa kwa kuridhika, maana jibu lilikuwa zuri, na mwenyewe angejibu vile vile.

"Nimefahamu," alisema Mmarekani. Kisha akauliza habari za breki.

Nilimchukia mtu yule, na nnamchukia mpaka leo, ingawa hakutukosea chochote.

Baba hakuvunjika moyo siku ile. Alisema mgeni anatupa nafasi ya kufikiri, atauliza tena. Ijumaa ya pili akavaa kanzu iliyopigwa pasi, mama akaazima halua kwa jirani. Mgeni akala halua, akaisifu, akenda zake. Mama akaniambia nisimtazame baba usoni.

Alipokuja tena alikuja kuaga. Kazi yake imekwisha.

"Nimemwandikia kaka yangu kuwa wewe uko radhi hapa," alisema. "Ameshapata mtu mwengine. Wallahi nnakuonea wivu, kwa moyo wako uliotulia."

"Alhamdulillah," alisema baba. Akampa mkono, akamsindikiza mpaka kwenye gari, akafungua boneti, akaisikiliza injini, akakaza kitu. Gari ikaondoka.

Mama alitoka nyuma ya pazia mbio, hata mtandio haujakaa sawa. "Mkimbilie. Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kuwa unataka."

Baba alibaki mlangoni. "Angeniuliza mara ya pili," alisema. "Ya pili tu."

Akaingia ndani, akavua kanzu, akavaa shuka yake ya kubebea magunia, akatoka. Ilikuwa Ijumaa, forodha imefungwa.