Kompyuta Niliyoichagua Kama Mtamba

Mke wangu hataki mkasa huu utajwe ndani ya nyumba, lakini binamu yangu Masanja bado anatembea mtaani Buhongwa anasalimiwa kama mtu wa maana, kwa hiyo acha nijiaibishe mwenyewe, na majina nitayataja.

Miaka ile ya tisini, vitu vya nje vilipomwagika, vijana wa Mwanza walianza kulipia kucheza gemu kwenye kompyuta, na mimi (darasa la nne, niliyekulia nyuma ya ng'ombe) nikaona hapo pana riziki. Kiwanda cha samaki kilikuwa kimeshanipunguza kazini. Baba mkwe alikuwa na chumba kinachotazama barabara ya Shinyanga, akasema nijaribu: gemu zikikubali chumba ni changu, zikigoma anampa mwingine. Sikuwa na pengine pa kushika.

Kompyuta nzima sikuiweza, nikaenda kuchagua vipande kwa Deo, muuza vifaa vya mtumba pale mjini, nikiwa na huyo Masanja aliyejiita fundi (alikuwa amefungua redio mbili, moja haikufungika tena). Nami nikachagua kama tunavyochagua mtamba mnadani, mifupa mipana kwanza, nyama itakuja. Nikachukua kasha kubwa kama kabati, na bodi kuu yenye nafasi tupu kibao za kuongezea memori na kadi siku za mbele. Deo akalipiga kasha mgongoni, "Hili kaka litakua na wanao!" Kikabaki kiboksi cha kugawa umeme, pawa saplai. Deo akasema kadi yetu ya picha inakula sana umeme, tuchukue kikubwa.

Masanja akacheka. "Binamu, huyu anakuvuna. Umeme ni umeme tu. Chukua hiki kidogo, kikubwa tutaongeza baadaye."

Nikasema sawa. Na Deo, aliyejua, akatufungia kile kidogo akatutakia biashara njema.

Siku ya kufungua nilipigilia mablanketi madirishani ili watoto wasichungulie bure, chumba kikawa giza. Baba mkwe akakaa mbele. Mama mkwe akakaa kona, kajifunika khanga, kageukia ukuta, maana kwetu Wasukuma mkwe wa kiume na mama mkwe hawasogeleani, sembuse kugusana. Alikuja kwa ajili ya binti yake tu. Masanja akawasha, magari yakatokea yanakimbizana, vigelegele, na baba mkwe akasema, "Kumbe mkwe una akili!"

Magari hayajamaliza hata kona ya kwanza, paa! Cheche kwenye kile kiboksi kidogo, kioo kikazimika, moshi unaokaba koo, watu wote wakagombea mlango mmoja (Masanja alitoka wa kwanza, fundi wetu), na mimi nikapapasa gizani nikashika khanga, nikajua ni mke wangu, nikamkumbatia kiunoni nikambeba mpaka barabarani.

"Niache! We mtoto, niache!"

Haikuwa sauti ya mke wangu. Mke wangu alikuwa mbele yangu, kashika mdomo.

"Jamani njooni," akapiga kelele muuza dagaa mmoja, "mkwe kabeba mama mkwe!"

Watu waliangua kicheko mpaka wengine wakakaa chini. Baba mkwe hakucheka wala hakunitukana, alinyoosha mkono tu nikampa funguo. Wiki haikuisha, nikapita pale nikamkuta Masanja ndani anatengeneza redio.

Nilitoa ng'ombe wa kusafisha aibu, wakampokea, lakini mama mkwe alihamia kwa mwanawe ng'ambo ya kivuko cha Busisi na hakurudi tena. Mimi toka hapo sinunui kitu kwa ajili ya kesho, na mtu akiniambia tutaongeza baadaye, naaga naondoka. Mama mkwe alipofariki, wakwe walinipangia kuchota maji, mbali kabisa na kaburi. Aliyebeba jeneza mbele, upande wa kulia, alikuwa Masanja.