Raba ya Elisante

Ngii.

Ndivyo kilivyoitika chungu kizima bibi yake Adela alipokigonga kwa kifundo cha kidole, huko Upareni. Chenye ufa kilijibu "tu", na hicho hakikwenda sokoni. Cha kuwekwa kaburini bibi alikitoboa kwanza kwa makusudi.

"Kizima ni cha walio hai," alisema. "Ukimwachia marehemu chungu kizima, atakaa akingoja kuitwa mezani."

Sasa Adela mwenyewe ana mvi. Mchana anawaogesha na kuwalisha wazee wa watu huko Takoma Park, Marekani. Jioni hurudi Hyattsville, kwenye gereji aliyopanga, akafinyanga Amerika: ndoo ya bisi, kopo la soda na mrija wake, boksi la baga lililoachama. Vyote hutoka tanurini na rangi ya majivu. Wageni huanza kwa kucheka, kisha hunyamaza, maana ni kama vitu vilivyoachwa mezani na mtu asiyerudi.

Mdogo wake Elisante, mlinzi wa majengo ya kompyuta kule Sterling, hakunyamaza hata siku moja.

"Dada, wenzako wanavitupa, wewe unavifanyia matanga!"

"Na wewe nikufinyangie nini, mlafi?"

"Raba. Ile ya mpira wa kikapu, ya shingo ndefu. Moja tu. Kwa moyo huu nitakimbilia wapi?"

Wakacheka. Raba ilikuwa bado tanurini moyo wake uliposimama.

Adela alipoitoa, aliigonga. Ngii. Hakuwahi kufinyanga kitu kizima namna ile, hadi kamba zake zimelegea kama Elisante alivyozoea kuziacha.

Makaburini theluji ilikuwa imeganda. Edna, mjane wa Elisante, alimpa nyundo na msumari.

"Wifi, toboa basi. Baridi hii itatubakiza na sisi humu humu."

"Ngoja."

Adela akaigonga tena. Ikaitika, ungedhani kuna mtu ndani. Akaigonga tena, na tena.

Edna akageuza uso. "Wifi. Hatarudi kuivaa."

Ndipo Adela akauegemeza msumari kwenye kisigino, akapiga. Kigae kidogo kama ukucha kikadondoka thelujini. Akagonga kwa kidole.

Tu.

Akaiweka juu ya kaburi, akainama hadi midomo ikakaribia kugusa udongo.

"Chukua, mdogo wangu," akanong'ona. "Sasa ni yako."